Dinari za Fedha za Roma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaoanza Kukusanya

Kila mgeni anayefunguliwa kisanduku changu cha sarafu huuliza karibu maswali yale yale, na mengi ni maswali mazuri. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ambayo ningependa mtu angenipa mimi kabla sijatoa pesa yangu ya kwanza. Ushauri wangu mkubwa nauweka mbele kabisa: isome sarafu yenyewe kabla hujasoma kibandiko cha muuzaji.

Dinari ya Roma ni ile ile ya kwenye Biblia?

Ndiyo. Mshahara wa kibarua wa siku moja katika mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, ni dinari moja, na sarafu ya kodi aliyoletewa Yesu katika Mathayo 22 ni dinari vilevile. Warumi walianza kuipiga karibu mwaka 211 KK, katikati ya vita vyao na Hannibal wa Carthage. Jina lake kwa Kilatini, denarius, lina maana ya “yenye kumi”, kwa kuwa mwanzoni ilibadilishwa kwa asi kumi za shaba. Jina hilo likasafiri mashariki, Waarabu wakaliita dinari na kulitumia kwa sarafu yao ya dhahabu, nasi tukalipokea. Dirhamu nayo asili yake ni drakma ya Wagiriki. Hata neno letu “fedha” lina tabia ya Kilatini: argentum kwao ilikuwa madini na pesa kwa pamoja, kama fedha ilivyo kwetu.

Wauzaji hupenda kuiita dinari ya Tiberio “sarafu ya kodi” na kuipandisha bei. Upande mmoja ina kichwa chake na maandishi TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS, na upande wa pili mwanamke aliyeketi, ameshika fimbo ya enzi na tawi, na maneno PONTIF MAXIM. Ni sarafu nzuri na ninayo. Lakini Injili haitaji ni Kaisari gani aliyekuwa kwenye sarafu ile, inasema tu ni wa Kaisari, na Tiberio ndiye aliyekuwa akitawala. Ujue basi kwamba unalipia hadithi zaidi ya uadimu, maana dinari hizi zilipigwa kwa wingi sana.

Kila sarafu ya fedha ya Roma ni dinari?

Hapana, ingawa dinari ndiyo utakayokutana nayo zaidi kwa karne nne na ushei. Kulikuwa na nusu yake, kwinario. Mwaka 215 BK Kaisari Caracalla alileta sarafu kubwa zaidi ambayo wakusanyaji huiita antoniniano, yenye uzito wa karibu gramu 5. Karibu mwaka 294 Diocletianus alirudisha fedha safi kwa sarafu iitwayo arigenteo, 96 kwa ratili moja ya Kirumi, na baadhi yake zina namba hiyo, XCVI, imepigwa juu yake. Baadaye katika karne ya 4 ikaja silikwa, nyembamba na nyepesi. Mwaka 1992 huko Hoxne, Uingereza, ilifukuliwa hazina yenye sarafu za fedha zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa silikwa, na nyingi kati ya hizo zimekatwa kingo. Wakataji walimega fedha pembeni na kukiacha kichwa cha mfalme kikiwa kizima. Ukiona silikwa imenyolewa hivyo, usidhani imeharibiwa na muuzaji.

Dinari na antoniniano utazitofautisha kwa kilemba cha mfalme tu. Akivaa shada la majani ya mlauri, au akiwa kichwa wazi, ni dinari. Akivaa taji la miale kama ya jua, ni antoniniano. Malkia kwenye antoniniano hukaa juu ya mwezi mwandamo. Kanuni hii ni ya sarafu za fedha, maana taji la miale lipo pia kwenye baadhi ya sarafu za shaba.

Sijui Kilatini. Nitaisomaje?

Huhitaji Kilatini. Unahitaji vifupisho kama kumi na tano, mwanga wa pembeni na subira. Nikuonyeshe kwa sarafu moja iliyo mbele yangu sasa hivi, dinari ya Traianus.

Naishika kwa kingo, naiinamisha kidogo dirishani ili herufi zitupe kivuli. Upande wa kichwa maandishi yanaanzia chini kushoto na kuzunguka kama mshale wa saa: IMP TRAIANO AVG GER DAC P M TR P. Yameandikwa bila kupumua, mara nyingine bila nafasi kati ya maneno, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyatenga. IMP ni Imperator, amiri wa majeshi. TRAIANO ni jina lake, na mwisho ule wa -O unamaanisha “kwa Traianus”, maana sarafu inajitangaza kuwa heshima aliyopewa. AVG ni Augustus, cheo cha ukaisari. GER na DAC ni majina ya ushindi: aliyewashinda Wagermani, aliyewashinda Wadakia. P M ni Pontifex Maximus, kuhani mkuu. TR P ni mamlaka ya mtetezi wa raia.

Nageuza. COS V P P S P Q R OPTIMO PRINC. COS V: konsuli, yaani ofisa mkuu wa dola, kwa mara ya tano. P P: baba wa taifa. S P Q R ni Seneti na watu wa Roma, na mwisho “kwa kiongozi aliye bora kuliko wote”. Hapo COS V ndiyo ya kushika. Traianus alikuwa konsuli mara ya tano mwaka 103, na mara ya sita mwaka 112. Kwa hiyo sarafu yangu imepigwa kati ya 103 na 111. Chini ya miguu ya sanamu kuna mstari, na chini ya mstari maneno madogo ARAB ADQ, “Arabia imepatikana”. Mwanamke amesimama na tawi mkononi, na ubavuni pake, mdogo kama punje ya mchele, kuna ngamia. Arabia ya Wanabatea ilitiwa katika dola mwaka 106. Basi sarafu haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, na umri wake umebanwa kati ya 106 na 111. Yote hayo nimeyapata dirishani kwangu, bila kufungua kitabu.

Makaisari wengine wanasaidia zaidi, kwa sababu TR P yao ina namba na mamlaka hiyo ilihesabiwa upya kila mwaka. TR P VIII ni mwaka wa nane, basi. Kumbuka pia kwamba hakuna U wala J: JULIA huandikwa IVLIA, na AUG huandikwa AVG. DIVVS au DIVA ni marehemu aliyetangazwa kuwa mungu, kwa hiyo sarafu ilipigwa baada ya kifo chake.

Dinari za zamani za jamhuri, kabla ya makaisari, husomwa kwa njia nyingine. Hapo utakuta kichwa cha mungu wa kike Roma mwenye kofia ya chuma, alama X nyuma ya shingo, na upande wa pili ndugu wawili wapanda farasi au gari la farasi. Majina yaliyoandikwa ni ya maofisa waliosimamia upigaji wa sarafu mwaka huo.

Na kama maandishi yamefutika?

Tazama uso. Wachongaji wa Roma walijua kazi yao, na ukishaona dinari thelathini za Nero hutamchanganya na mtu: shingo nene, kidevu kinene. Vespasianus ana upara na mikunjo ya mzee wa shamba. Hadrianus, aliyetawala 117 hadi 138, ndiye aliyeanzisha desturi ya ndevu kamili, kwa hiyo kichwa chenye ndevu nzito ama ni chake ama ni cha waliomfuata. Septimius Severus ana ndevu zilizogawanyika vishungi. Kwa wanawake, fuata nywele. Mtindo wa msuko wa Faustina mama, uliorundikwa utosini, si ule wa binti yake.

Kisha sanamu ya nyuma. Mizani na pembe ya neema ni Aequitas, uadilifu wa pesa. Mwanamke aliyeinua upindo wa vazi na kushika ua ni Spes, tumaini. Meli ya makasia yenye namba ya kikosi nyuma yake, LEG na kitu, ni dinari ya Marcus Antonius, aliyoipiga mwaka 32 na 31 KK kuwalipa askari wake kabla ya kushindwa katika vita vya Actium. Hii naipenda kwa namna ya pekee. Fedha yake ilichanganywa na shaba zaidi ya kawaida, watu wakaona haifai kuwekwa akiba, wakaitumia tu. Ndiyo maana iliendelea kuzunguka mikononi kwa zaidi ya miaka 200, na nyingi zimelika hadi meli inabaki kivuli. Iliyolika namna hiyo imepita mikono mingi ya watu wa kawaida kuliko dinari yoyote inayong’aa.

Kwa nini nyingine ni nyeupe na nyingine zina rangi ya shaba?

Kwa sababu serikali ilikuwa ikipunguza fedha ndani yake. Dinari ya Augustus, kaisari wa kwanza, ilikuwa karibu fedha tupu, na 84 zilitoka katika ratili moja, yaani karibu gramu 3.9 kila moja. Mwaka 64 Nero akatoa 96 kwa ratili ile ile, gramu 3.4, na kiwango cha fedha kikashuka hadi karibu asilimia 80. Kilipanda na kushuka kidogo baada yake, lakini Septimius Severus, aliyewaongezea askari mshahara, alikifikisha kama nusu. Antoniniano ilianza nayo katika kiwango hicho. Karibu mwaka 268, mwishoni mwa Gallienus, haikufika asilimia 5: ni shaba iliyopakwa fedha ambayo kidole kingeweza kuifuta.

Kwa mtambuzi hii ni faida. Sarafu ya Augustus yenye rangi nyekundu-nyekundu inatia shaka, na sarafu ya Gallienus yenye weupe wa kijiko kipya inatia shaka vilevile.

Nitajuaje kama ni feki?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapolia.

Dinari mbili za kwanza nilizonunua ziliagizwa nje kupitia mtandao, kwa muuzaji aliyekuwa na picha nzuri na maelezo marefu. Zilikuwa za Hadrianus, aina moja. Nilipozipata nilifurahi wiki nzima. Kisha nikazipeleka kwa sonara wa mtaani kwetu, mzee ambaye hajui lolote kuhusu Roma, nikamwomba anipimie. Alizipima, akaziweka kiganjani bega kwa bega, akavuta lenzi yake jichoni. Akanionyesha ufa mdogo pembeni, juu ya paji la uso. Ulikuwa kwenye zote mbili, mahali pale pale, urefu ule ule, na ukiwa na mkunjo ule ule. “Mwanangu,” akasema, “hizi zimetoka tumbo moja.”

Alikuwa sahihi kabisa. Sarafu ya Kirumi ilipigwa kwa nyundo: kipande cha fedha kiliwekwa kati ya chapa mbili za chuma na kupigwa. Chapa moja ilipiga maelfu, kwa hiyo picha inaweza kufanana, lakini ufa wa ukingo, umbo la duara na jinsi picha ilivyosogea pembeni ni vya kila sarafu peke yake. Mbili zikifanana hata ufa, zimemiminwa kwenye kalibu moja iliyotengenezwa kutokana na sarafu ya kweli. Tangu siku hiyo, nikiona dinari sokoni, natafuta kwanza pacha wake.

Iliyomiminwa ina dalili nyingine. Uso wake ni laini kama sabuni iliyotumika, herufi hazina makali, na chini ya lenzi utaona vitundu vidogo vya mviringo vilivyoachwa na viputo vya hewa. Ukingoni huenda kuna mstari wa maungio, au alama za tupa iliyopitishwa kuuficha. Sarafu iliyopigwa kweli huonyesha mistari myembamba inayokimbilia pembeni kutoka kwenye herufi, mahali chuma kilipotembea chini ya nyundo.

Feki zilizopigwa kwa chapa mpya ni ngumu zaidi. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyefariki 1830, alichonga chapa kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba kazi zake zimeingia makumbusho. Kwa hizo dawa ni macho yaliyozoea na muuzaji anayekubali kurudishiwa mali.

Ipo pia feki ya zamani zile zile, dinari ya kuchovya: moyo wa shaba uliofunikwa na ngozi ya fedha, kazi ya walaghai wa enzi za Roma. Ngozi ikipasuka, shaba huchungulia na kuota ukijani. Hii ni ya kale kweli, na wapo wanaozikusanya, mimi nikiwemo. Kosa ni kuilipia bei ya fedha.

Kwa kipimo cha nyumbani, tafuta mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima sarafu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha sifuri, na uitumbukize sarafu ikiwa imening’inizwa kwa uzi bila kugusa chini. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba inayotokea. Gramu 3.30 kwa 0.32 ni 10.3, na fedha safi ni 10.5. Ukipata 0.36, jibu ni kama 9.2, na shaba ni karibu 9. Rudia mara tano, kwa sababu sarafu ni ndogo na kosa dogo la mizani hubadilisha jibu.

Niisafishe?

Usiisugue. Si kwa majivu, si kwa dawa ya meno, si kwa limau, wala kwa steelwool ya sufuria. Weusi ule wa fedha ya kale umekaa karne nyingi, unaipa sarafu kina, na ukiutoa hauutengenezi tena. Isitoshe fedha iliyokaa ardhini muda mrefu hukatika kama biskuti: nimeona dinari ikivunjika vipande viwili kwa kuanguka kwenye sakafu ya saruji kutoka kimo cha meza. Udongo laini loweka kwenye maji yaliyochujwa chumvi, yale safi ya kuongezea betri (si asidi), kwa siku kadhaa, kisha kausha kwa kugandamiza kitambaa bila kupangusa.

Kwa sisi wa pwani adui mkubwa ni hewa yenyewe, unyevu na chumvi. Ziweke kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi au vikasha vya plastiki ngumu, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Epuka mifuko ya plastiki laini inayonata, kwani baada ya muda huacha ute wa kijani juu ya sarafu. Raba pia huichafua fedha.

Namba kama “RIC 142” ni nini?

Ni namba ya aina hiyo katika orodha kuu ya sarafu za makaisari. Kila kaisari ana hesabu yake, kwa hiyo namba bila jina la kaisari haina maana. Za jamhuri hutumia RRC. Huna haja ya kununua majuzuu: hifadhidata za OCRE na CRRO za American Numismatic Society ziko wazi kwa intaneti bila malipo, na unaweza kutafuta kwa kaisari, kwa neno lililosomeka au kwa kitu kilichochorwa. Andika “camel” uone.

Ni za matajiri tu?

Hapana. Dinari iliyolika kidogo ya Traianus au Antoninus Pius mara nyingi hupatikana chini ya dola 100 za Marekani. Ongeza usafirishaji na ushuru wa forodha, ambao wengi husahau. Ushauri wangu ni moja nzuri inayosomeka kwa mwaka, badala ya kumi zisizosomeka.

Kuna zenye uhusiano na Afrika?

Zipo, na ningeanza nazo. Hadrianus alipiga dinari iliyoandikwa AFRICA: mwanamke amejinyoosha, kichwani amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkononi ana nge, na miguuni kuna kapu la nafaka. Afrika kwao ilikuwa jimbo lililozunguka Carthage, na nafaka yake ililisha Roma. Juba wa Kwanza, mfalme wa Numidia aliyekufa mwaka 46 KK, alipiga dinari zake mwenyewe: REX IVBA kwa Kilatini upande mmoja, hekalu na maandishi ya Kipuniki, lugha ya Carthage, upande wa pili. Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo.

Misri ilikuwa na utaratibu wake. Dinari hazikutumika huko, bali sarafu za drakma nne zilizopigwa Alexandria, kwa Kigiriki. Uzuri wake ni kwamba zimeandikwa mwaka: tafuta alama inayofanana na L, kisha herufi za Kigiriki ambazo ni tarakimu. L na IA ni mwaka wa 11 wa kaisari huyo.

Je, zilifika pwani yetu?

Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 uitwao Periplus unaeleza safari hadi Azania na bandari ya Rhapta, ambayo wataalamu wengi huiweka kwenye pwani ya Tanzania. Unaorodhesha vilivyoletwa: mikuki iliyotengenezwa Muza huko Yemen, mashoka, visu, vyombo vya kioo, na ngano na divai kidogo za kutafutia urafiki. Vilivyochukuliwa ni pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Sarafu hazimo kwenye orodha hiyo. Kwa bandari ya Muziris, kusini mwa India, mwongozo huo huo unataja pesa nyingi, na kweli kusini mwa India zimefukuliwa hazina za dinari, hasa za Augustus na Tiberio. Kwetu biashara ilikuwa ya kubadilishana mali.

Kwa hiyo akija mtu na dinari akidai babu yake aliiokota ufukweni, muulize maswali mengi. Hazina yetu kubwa ya fedha ni nyingine: Mtambwe Mkuu, Pemba, ambako mwaka 1984 zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa hapa hapa kwa Kiarabu, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, nasaba iliyotawala Misri.

Sheria inasemaje?

Kwa unazonunua, dai karatasi: zilitoka kwa nani, zimeuzwa mnada gani, lini. Nchi nyingi, Italia na Uturuki zikiwemo, haziruhusu zitolewe bila kibali. Mwaka 2020 sarafu ya dhahabu ya Brutus, yenye visu viwili na maneno EID MAR ya kuuawa kwa Julius Caesar, iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Mwaka 2023 ilirudishwa Ugiriki, baada ya waendesha mashtaka wa New York kubaini kwamba imeporwa na kwamba karatasi zake ni za uongo. Mimi sinunui tena isiyo na karatasi, hata iwe rahisi vipi.

Kwa unazookota nyumbani, Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kenya Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006. Usiioshe, usiitoe na kuanza kuchimba jirani yake. Piga picha ikiwa pale pale ilipo, na kando yake weka shilingi ili ukubwa uonekane, weka alama mahali penyewe, kisha wapigie watu wa makumbusho au ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu nawe.